Max Payne 3 nimeilipia niicheze, sio nikae niiangalie. NIMECHOKA!

Wakuu habari za jioni. Naandika nikiwa nimevimba kwa hasira, nimetoka kwenye kibanda cha gemu sasa hivi hapa Ngarenaro, nimeacha buku mbili jero kwa ajili ya gemu ambayo nikipiga hesabu vizuri pedi nimeishika nusu ya muda niliolipia, ule mwingine wote nimekaa kama niko banda la video. Kwa hiyo mtanivumilia na hili povu.

Kwa wasiojua vibanda vyetu vya Chuga (Arusha), tunalipia muda. Hapa ninapoenda mimi nusu saa jero, saa nzima buku, mwenye kibanda anaangalia saa kwenye simu yake na muda ukiisha anakuzimia hata kama uko katikati ya risasi. Machalii wengi wanakuja kupiga mpira, mechi ikiisha aliyefungwa anampisha mwenzake, maisha yanaenda. Mimi mpira wa kwenye PS (PlayStation) sina habari nao kabisa. Naenda kwa ajili ya Max Payne, gemu ya kupiga risasi ambayo steringi wake ndio huyo Max, na pale kwenye PS3 yao ipo ile ya 3, ya kampuni ya Rockstar, iliyotoka mwaka 2012.

Sasa oneni kinachotokea. Unaanza, inakuja muvi, Max yuko kwenye chumba chake São Paulo anakunywa pombe na kumeza vidonge vya maumivu. Sawa, huo ni mwanzo wa hadithi, navumilia. Unapewa pedi unapiga watu wanne watano, unafika mlangoni, unabonyeza afungue mlango, MUVI. Inaisha unatembea kidogo kwenye korido, muvi. Lifti, muvi. Ngazi, muvi. Unabonyeza kuiruka inakuandikia bado inapakia, yaani hata ukitaka kuendelea na kazi haikuruhusu. Na mbaya zaidi wameitengeneza ile picha inatetemeka, rangi zinaachana, maneno anayosema mtu yanaruka makubwa kwenye skrini, eti ndio tuhisi Max kalewa. Mara ya kwanza ilinipendeza kweli. Ukifika sura ya sita ya saba kichwa kinauma, na gemu ina sura 14!

Najua sababu, msije mkanieleza kama vile sijui. PS3 ina memori MB 256 na nyingine 256 za picha, basi, kwa hiyo zile muvi ni pazia, nyuma yake mashine inavuta leveli inayofuata kutoka kwenye diski ili usione skrini ya kusubiri. Kiufundi ni akili kubwa. Lakini aliyefikiria hivyo alimfikiria mtu aliyekaa sebuleni kwake na mashine yake, hakumfikiria mtu ambaye kila dakika ya muvi inakula hela yake ya mfukoni. Na hata huyo wa sebuleni bado kanyang'anywa pedi, tofauti yake na mimi ni kwamba yeye hadaiwi.

Alafu kuna hili ndio linaloniua kabisa. Nimepambana nimepata bunduki kubwa, nimetunza risasi, naingia kwenye mlango nikiwa nimeishika mkononi, muvi inaanza inaisha, Max amesimama katikati ya uwanja ameshika BASTOLA, maadui sita mbele yake. Nani amembadilishia silaha? Mimi sijagusa kitu! Nusu sekunde ya kurudisha bunduki ndio hiyo hiyo unakufa. Imenitokea leo mara tatu, na ya tatu nilikuwa nimebakiwa na kidonge kimoja tu cha kumrudishia Max damu (uhai) ambacho nilikihifadhi tangu mwanzo wa ile sehemu.

Na kinachonitia hasira ni kwamba upigaji wenyewe ndani ya hii gemu sijaona mfano wake. Nasema kweli. Ukimrusha Max pembeni kwa slomo mwili unaanguka kama mwili wa mtu, akigonga meza unaona bega limegonga meza, akilala chini unaweza kuendelea kupiga ukiwa umelala, mbele, nyuma, pembeni kote. Akitumia bastola moja ile bunduki kubwa anaishika mkono wa kushoto, haipotei mgongoni kimiujiza kama steringi wa gemu nyingine, na ukitaka bastola mbili lazima ile kubwa uitupe. Damu haijirudishi yenyewe ukijificha nyuma ya nguzo, unatafuta vidonge. Ukipigwa risasi ya kuua na bado una kidonge, unapewa nafasi ukiwa unaanguka umpige aliyekupiga, ukimpata unanyanyuka. Adui wa mwisho kamera inaifuata risasi mpaka inapofika. Hivi vitu vyote vimetengenezwa kwa upendo na mtu anayejua kazi, halafu anakuja mwingine anavikatakata vipande vya dakika mbili mbili. Inaniuma sana.

Mimi hii habari nimeanza nayo zamani. Ile ya kwanza ya 2001, ya Remedy wa Finland, niliicheza kwenye kompyuta ya braza Moshi, Majengo, usiku kwa sababu mchana alikuwa anaitumia kwa kazi zake. Theluji mimi nilikuwa naijua ya juu Kibo tu, ile ya asubuhi mawingu yakifunguka, na hapo naona mji mzima wa New York umezama kwenye theluji na giza, mtu mmoja ameuliwa mke na mtoto anatembea anaongea mwenyewe. Hawakuwa na hela za muvi kubwa. Hadithi waliiweka kwenye kurasa za picha tuli na maandishi, kama kitabu cha katuni, na sauti ya Max juu yake, ukitaka unasoma ukitaka unapitisha. Uso wa Max ni wa Sam Lake mwenyewe aliyeandika hadithi. Na ile ndoto ya giza totoro, unafuata mstari wa damu huku mtoto analia, hapo hamna muvi hata moja, UNATEMBEA MWENYEWE, hofu unaibeba wewe na miguu yako. Ndio maana mpaka leo naikumbuka.

Kuna wanaolalamika kwamba ya 3 imeharibika kwa sababu wamempeleka Brazili kwenye jua na mashati ya maua. Hapo nawapinga. Mtu aliyeharibikiwa anaharibikiwa hata saa saba mchana, na zile sura wanazokurudisha Hoboken, kule Marekani, kwenye baridi, baa na makaburini, zinaonyesha alikotoka. Kireno nacho (cha Wabrazili) hawakukitafsiri makusudi, Max haelewi na wewe huelewi, unajikuta mgeni kama yeye. Hilo nalo ni wazo zuri sana. Shida yangu sio jua.

Na huyu mwenye kibanda naye. Nimemwambia mara ngapi, muvi ikianza simamisha saa, hataki. Spika kafungulia singeli mpaka meza inatikisika, wakati roho ya hii gemu ni ile sauti ya James McCaffrey, aliyemwigiza Max, anavyoongea taratibu (alifariki Desemba 2023, Mungu ampumzishe). Nasoma maandishi madogo chini kwenye tivii yenye mkwaruzo. Na sevu yangu ya sura ya tisa imefutwa na dogo mmoja aliyetaka nafasi ya mpira wake, nimeanza upya, ndio maana muvi zote hizi naziona mara ya pili kwa hela yangu.

Sasa mwaka 2022 Remedy walitangaza wanazitengeneza upya ya kwanza na ya pili kwa pamoja, hela wanatoa Rockstar. Naomba kwa moyo wote wabaki na zile kurasa za picha. Wachukue upigaji wa ya 3 wauweke ndani ya giza la ya kwanza, na mlango nikiufungua niufungue mimi, niingie mimi na bunduki niliyokuwa nayo mkononi.

Mwisho nauliza, kuna mdau yeyote Ngarenaro, Kaloleni au Sakina ana PS3 na hii diski nyumbani, anikodishie kwa siku nzima? Jumapili kuanzia saa nne asubuhi, nalipa kwa siku, sio kwa dakika. Na kama kuna kibanda kinachotunza sevu za wateja nielekezeni, nitatembea kwa mguu mpaka huko.