Mwanangu hasemi na mtu, nianzie wapi?

MamaWete: Assalaam alaykum. Kijana wangu ana miaka 14. Tokea Ramadhani chuoni kwa Qur'ani hataki, skuli mpaka asukumwe, usiku halali. Bibi yake keshampa kombe, maji ya aya za Qur'ani, mara mbili, hali ile ile. Lazima tuvuke Unguja hadi hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu?

FundiChake: Waalaykum salaam dada. Boti baadaye. Anza hospitali ya hapo Wete, uliza anayeshughulikia afya ya akili. Kombe si neno, lakini daktari naye amuone.

UktiMkoani: Na asiitwe mwendawazimu! Shirika la Afya Duniani linasema nusu ya maradhi ya akili huanza kufikia miaka 14. Muulize taratibu, labda kuna anayemuonea huko chuoni. Wangu ndivyo ilivyokuwa, miezi mitatu sina habari.

MamaWete: Chuoni? Wallahi sijamuuliza.