Tupeane uzoefu: Linux inasema nafasi imeisha, kumbe diski ina nafasi

MchimbaLogi (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za kazi. Kuna ujumbe mmoja unaowatoa watu jasho, wapya kwa wakongwe: "No space left on device". Mtu akiuona tu anaanza kufuta: picha, bakapu za zamani, hata logi atakazozihitaji kesho. Anamaliza kufuta, ujumbe uko palepale. Kwa kerneli (kiini cha Linux) hilo ni kosa namba 28, ENOSPC, na linatolewa kwa sababu ambazo hazifanani kabisa. Tuwekeane hapa visa ambavyo diski haikuwa imejaa, au ilijaa mahali ambapo macho hayafiki.

Naanza na changu. Nilikabidhiwa seva ya tovuti ambayo watumiaji walikuwa wanashindwa kuingia. `df -h`, inayoonyesha nafasi ya diski, inasema 61% imetumika. Najaribu `touch /tmp/a`, inakataa. Nikabadilisha herufi moja tu:

`df -i /`
`/dev/vda1 1310720 1310720 0 100% /`

Inodi, yaani rekodi ambazo mfumo unazitumia kutunza taarifa za kila faili, zimekwisha. Kila faili linakula inodi moja, liwe na gigabaiti au liwe tupu. Kwenye ext4 (mfumo wa mafaili unaotumika sana Linux) idadi yake inapangwa siku ya kuformati, kwa kawaida moja kwa kila baiti 16,384, ndiyo maana diski ya GB 20 inapata hizo milioni moja na laki tatu. Kumsaka mlaji:

`sudo du --inodes -x / | sort -n | tail`

Alikuwa ni folda la sesheni za PHP (mafaili ya kukumbuka nani ameingia kwenye tovuti). Limehamishwa kupitia usanidi wa tovuti, na kazi ya usafi ya mfumo ikawa inaendelea kusafisha folda la zamani ambalo halina kitu. Usijaribu `rm *` kwenye folda kama hilo, utaambiwa orodha ni ndefu mno. Tumia `find . -type f -mtime +7 -delete`, ukanywe maji urudi.

MamaSeva

Asante mkuu kwa kufungua mada. Mimi nina kisa cha faili mzimu.

Diski ya GB 50, `df` inasema 100%, lakini `sudo du -xsh /`, inayojumlisha mafaili yanayoonekana, inaleta GB 18. (Hiyo `sudo` muhimu, bila yake `du` inaruka mafolda usiyoruhusiwa na utadhani umeona mzimu wakati hujaona kitu.) GB thelathini na kitu hazina mwenyewe. Kumbe kijana wa zamu alikuwa amefuta logi kubwa kwa `rm`, na programu inayoandika humo iko hai bado. `rm` inaondoa jina tu. Data zenyewe zinaachiwa pale programu ya mwisho iliyolishika faili inapolifunga. Nikaita `sudo lsof +L1`, inayoorodhesha mafaili yaliyofutwa lakini bado yameshikwa, mstari mmoja ukajieleza:

`java 2211 app 7w REG 253,0 33285996544 0 131842 /var/log/app/kazi.log (deleted)`

Hizo baiti ni GB 31 kamili. Dawa ya kawaida ni kuwasha upya hiyo huduma. Yetu ilikuwa katikati ya kazi ya kufunga mahesabu, hakuna wa kuthubutu kuizima. Nikaingia kama root (msimamizi mkuu wa mfumo):

`: > /proc/2211/fd/7`

Nafasi ikarudi papo hapo, programu haikushtuka. Hiyo 2211 ni namba ya mchakato na 7 ni kutoka safu ya FD (namba ya faili lililofunguliwa), msikariri namba zangu.

Baada ya hapo ndiyo ukae na `logrotate`, programu ya kuzungusha logi zisijae. Njia nyepesi ni `copytruncate`, ila mimi siipendi: kati ya kunakili na kukata, mistari kadhaa inaweza kupotea. Kama programu inajua kufungua logi upya ikipewa ishara, iambie kwenye `postrotate`.

JichoLaPanya

@MamaSeva mimi nilikuwa na dalili hizohizo, `df` na `du` hazipatani, lakini `lsof +L1` ikatoka mikono mitupu. Nikawasha mashine upya, bado vilevile. Hapo ndipo utajua si faili mzimu, maana mzimu hauvuki riboti.

Skripti ya bakapu ilikuwa inaandika `/mnt/bakapu`, ambako diski ya nje inamauntiwa (inaunganishwa ili ionekane kama folda). Usiku mmoja diski ile haikuwaka. Skripti haikujali, ikamwaga kila kitu kwenye folda tupu lenye jina hilohilo, yaani kwenye diski ya mfumo. Kesho yake diski ya nje ikarudi na kukaa juu yake, kama takataka zilizofukiwa chini ya mkeka. `du` inaona mkeka tu.

Kuufunua bila kuzima chochote:

`sudo mkdir /mnt/chini`
`sudo mount --bind / /mnt/chini`
`sudo du -sh /mnt/chini/mnt/bakapu`

Ukishafuta, `umount /mnt/chini`. Na mwanzoni mwa skripti weka `mountpoint -q /mnt/bakapu || exit 1`.

Bitozo

Nyongeza kwa JichoLaPanya: diski ikiwa haijamauntiwa, piga `sudo chattr +i /mnt/bakapu` kwenye lile folda tupu. Hata root hataweza kuandika humo, na diski ikimauntiwa mambo yanaendelea kawaida. Kwenye ext4 inafanya kazi vizuri.

KodiUsiku

Changu kinachekesha. Diski ina nafasi, inodi zipo tele, hakuna faili mzimu. Nawasha upya huduma kwenye mashine yangu ya kazi, napata:

`Failed to add /run/systemd/ask-password to directory watch: No space left on device`

Jibu liko kwenye neno "watch". Programu zinazotaka kuambiwa faili likibadilika zinatumia inotify, huduma ya kerneli ya kutazama mafaili, na kila mtumiaji ana kikomo cha idadi ya anavyoweza kuvitazama. Kikomo kikifika, kerneli inarudisha kosa lilelile namba 28. Kwa nini hawakulipa jina lake, mimi sijui kwa kweli. Kwangu mlaji alikuwa kihariri cha kodi kilichofungua mradi wenye `node_modules` (folda la maktaba za JavaScript, mafaili kibao) za kutisha.

`cat /proc/sys/fs/inotify/max_user_watches`

Kerneli za zamani zinaleta 8192. Kuanzia 5.11 kikomo kinapangwa kulingana na RAM, kwa hiyo tatizo limepungua, lakini seva za zamani bado ziko nyingi kazini. Andika `fs.inotify.max_user_watches=524288` kwenye `/etc/sysctl.d/60-inotify.conf`, kisha `sudo sysctl --system`. Na kama una uwezo, kiambie kihariri kisilitazame folda hilo kabisa.

Bitozo

Kuna na ile asilimia 5 ya root. ext4 inamwekea root sehemu hiyo kwa kawaida, kwa hiyo mtumiaji wa kawaida anakataliwa wakati root bado anaandika. Kwenye diski ya TB 4 ya kuhifadhia video, hizo ni kama GB 200 zimekaa bure. `sudo tune2fs -m 1 /dev/sdb1`, hakuna haja ya kuformati. Ya mfumo yenyewe iache ilivyo, itakuokoa siku mbaya.

MgeniWaTerminali

Wakuu samahani, yangu imejaa kweli. `/boot` (zinakokaa kerneli za kuwashia mashine) iko 100% na `apt`, ya kusakinisha programu, imekwama katikati, haisongi wala hairudi. Naweza kuingia humo nikafuta kwa `rm`?

MamaSeva

@MgeniWaTerminali hapana mwanangu, usiguse kwa `rm`, `apt` haitajua kwamba vimeondoka. Anza na `uname -r`, hiyo kerneli usiiguse. Jaribu `sudo apt autoremove --purge`. Ikigoma, angalia `dpkg -l 'linux-image*'`, chukua toleo la zamani kuliko yote, uliondoe kwa `sudo dpkg --purge` ikifuatiwa na jina kamili la kifurushi. Nafasi ikipatikana, `sudo apt --fix-broken install` itamalizia ilipoishia. Ukikwama tuwekee ujumbe wote hapa, usiufupishe.

KodiUsiku

@MchimbaLogi, swali: inodi zikiisha kwenye ext4, haziongezeki bila kuformati?

MchimbaLogi

Kwa ukubwa uleule wa diski, haziongezeki. Ukiikuza diski na kupiga `resize2fs`, zinakuja pamoja na nafasi mpya kwa uwiano uleule. Kama unajua tangu mwanzo kwamba utaweka mafaili madogo mengi, formati kwa `mkfs.ext4 -i 8192` upate maradufu, au tumia XFS, mfumo mwingine wa mafaili, ambayo inazitengeneza kadiri zinavyohitajika. Ile seva yangu niliihamishia sesheni Redis (hifadhidata inayokaa kwenye RAM), nikaiacha ext4 yake kama ilivyo.