Boksi la rejeta nje ya kesi: vipimo, pampu na njia ya hewa

Msukawaya
Wakuu, habari za leo. Nataka kutoa upoaji wote nje ya kesi ya kompyuta. Mashine ni Ryzen 9 5900X na RTX 3080, zote mbili zimefungwa bloku za maji (vipande vya chuma vinavyopitisha maji juu ya chipu). Nipo Dar karibu na bahari, chumba hakina AC, mchana joto linafika nyuzi 31. Ninazo rejeta mbili za shaba za 420 (kila moja inabeba feni tatu za milimita 140), unene milimita 45, na pampu ya D5 ile yenye kitufe cha kuzungusha 1 hadi 5. Wazo ni boksi la plaiwudi ya milimita 12 likae barazani nyuma ya ukuta, mipira mita 2 kwenda na 2 kurudi. Boksi liwe na ukubwa gani? D5 moja itatosha? Waya nazipitishaje? Na nikitaka rejeta ya tatu, ile ya hita ya gari inafaa?

Koili
Mkuu, anza na hewa. Boksi nyingi hushindwa kazi hapo, rejeta unakuta haina kosa lolote.

Kadi yako inakula wati 320, prosesa ikibanwa inafika 142. Jumla 460 hivi, na zote zinaishia kwenye hewa. Ukitaka hewa inayotoka iwe na joto nyuzi 6 tu zaidi ya inayoingia, lazima mita za ujazo 230 hivi zipite kwenye mapezi ya rejeta kila saa. Nazungumzia hewa inayopita kweli, maana namba iliyoandikwa kwenye pakiti ya feni imepimwa feni ikiwa haina kitu mbele yake. Feni sita za milimita 140 kwenye mizunguko 1000 zinaiweza kazi hiyo bila kelele ya kukera.

Funga rejeta ubavuni, moja kila upande. Feni zivute hewa ya nje, ipite kwenye rejeta, iingie katikati ya boksi, kisha itokee juu. Usizipange moja nyuma ya nyingine, wala usifanye moja iingize na nyingine itoe, kwa sababu ya pili itapozwa kwa hewa iliyokwishapashwa na ya kwanza.

Vipimo vya ndani: urefu milimita 620, upana 310, kimo 180. Upana unakuja hivi: rejeta 45 na feni 25, mara mbili ni 140, inabaki nafasi ya 170 katikati. Kwenye urefu, 500 ni za rejeta, na 120 za mwishoni zitengwe kwa ubao ziwe chumba cha pampu na tangi. Sehemu ya juu iache wazi yote, weka wavu wa matundu makubwa tu. Tundu la kutokea hewa likiwa dogo kuliko jumla ya nafasi za feni, unazikaba. Hapo feni zitapiga kelele na maji yatabaki moto.

Ukingo wa kila rejeta uzibe kwa sponji ile ya kubandika madirishani. Mwanya wa milimita 5 unatosha hewa ya moto irudi pembeni na kuvutwa upya.

Skrubu: feni ya unene wa 25 inataka M3 (skrubu nene milimita 3) ya urefu wa milimita 30, lakini kagua rejeta zako kwanza, nyingine zina uzi tofauti. Ukiweka ya 35 bila washa (kile kipete cha skrubu), ncha inaenda moja kwa moja kwenye mfereji wa maji, na rejeta ndiyo imekwisha.

Bomba_Moja
Nakubaliana na Koili isipokuwa kwa jambo ambalo hakuligusa: baraza. Upepo wa bahari una chumvi. Mapezi ya shaba yatabadilika rangi, hilo si kitu, ila bearingi za feni na vichwa vya skrubu vitaliwa. Halafu rejeta haiwezi kushusha maji chini ya joto la hewa inayoipitia, na baraza likipigwa na jua saa nane mchana linakuwa moto kuliko chumba. Mimi ningeliweka chini ya meza, sentimita 15 kutoka ukutani kila upande. Kama ni lazima liwe nje, upande wa kivuli na chini ya paa.

Siku ukifunga AC, usiweke boksi kwenye chumba cha AC na kompyuta kwenye chumba kisicho na AC. Kwa unyevu wa Dar, bloku zitatoa jasho juu ya bodi mama ya kompyuta.

Pampu: D5 moja inatosha kabisa. Boksi kuwa chini na kompyuta juu hakuidhuru, kwa sababu mzunguko ukishajaa maji, yanayoshuka yanasawazisha yanayopanda. Pampu inapambana na msuguano tu. Ukipata lita 3 kwa dakika, maji yanapanda nyuzi 2.2 hivi tu kutoka kuingia hadi kutoka. Kwa hiyo mpangilio wa bloku usikusumbue, unganisha njia iliyo fupi. Cha kufuata bila mjadala ni tangi kuwa juu ya mdomo wa kuingizia wa pampu. D5 inalainishwa na maji yenyewe, ikizunguka kavu inajiua.

Rejeta ya hita ya gari: ikwangue kwa kisu mahali pasipoonekana. Ikitoka nyekundu au njano ni shaba, chukua. Ikitoka nyeupe ni aluminiamu, iache, hata ukipewa bure. Aluminiamu na shaba kwenye maji mamoja ni kama betri: aluminiamu inaliwa, na unga wake unaziba mifereji myembamba ya bloku. Kondensa ya AC ya gari usiifikirie kabisa.

Msukawaya
Asanteni wakuu. Boksi litakaa chini ya meza basi. Vipi waya na kujaza maji?

Pini_Tano
Kwenye bodi, soketi ya feni kwa kawaida mwisho wake ni ampea 1. Feni sita za ampea 0.2 ni 1.2 tayari, na D5 peke yake inaweza kuvuta karibu 1.9. Umeme wote utoe kwenye pawa saplai, bodi ibaki na waya za ishara tu.

Tumia plagi ya duara ya GX16 yenye pini 5: volti 12, negativu, PWM ya feni (ishara ya kurekebisha kasi), kasi ya feni moja, kasi ya pampu. Waya mbili za umeme ziwe milimita ya mraba 1. Kwa ampea 3 na mita 2, unapoteza volti 0.2 tu. Ukitumia waya mwembamba wa 0.2, unapoteza volti 1 nzima, halafu unalaumu pampu. Za ishara hata nyembamba zinafaa.

Waya ya kasi ya pampu ichomeke kwenye CPU_FAN (soketi ya feni ya prosesa kwenye bodi) ili pampu isipozunguka bodi ikuonye ukiwasha. Feni zifuate joto la maji kwa kutumia kihisi cha joto cha kiloomu 10, kama bodi yako ina pini zake. Zikifuata joto la prosesa zitapanda na kushuka kila ukifungua faili.

Kujaza: suuza rejeta kwa maji ya moto ya kuongezea betri mara tatu, mabaki ya kulehemu yatoke. Soma chupa vizuri, asidi ya betri huuzwa duka hilohilo. Jaribu kuvuja kwa hewa kwanza: bar 0.5, dakika 30, mshale wa geji usisogee. Ukiwa na viunganishi vya haraka, pima pande zote mbili, maana vikiachana hujifunga. Kisha chomoa plagi ya pini 24 kwenye bodi, unganisha waya wa kijani na mweusi wowote wa plagi hiyo ili pawa saplai iwake, na acha pampu pekee ikiwa na umeme. Jaza tangi, washa sekunde 3, zima, ongeza, rudia. Mzunguko wako utameza kati ya lita 1.5 na 2, nunua 3 pamoja na dawa ya kuzuia kutu na ukungu. Inua boksi upande mmoja, kisha wa pili, mapovu yatoke. Madogo yatachukua siku kadhaa, kwa hiyo usifunge kifuniko cha chumba cha pampu wiki hiyo.

Bomba_Moja
Nyongeza: ukipuliza vumbi, shika feni kwa kidole isizunguke.