Vita vya mbali na hisa zetu za Nairobi: niuze au niziache?

Bint_Shela:
Assalam aleikum, hamjambo nyote. Mimi niko Shela hapa Lamu, tuna gesti ndogo tumeachiwa na mzee wetu, naiendesha na kaka yangu. Akiba yetu iko hivi, tuna hisa za Safaricom na za benki ya KCB, kiasi kiko mani maketi, ule mfuko wa pamoja unaolipa riba, na yuro kadhaa ambazo wageni walitulipa taslimu tukaziweka. Sasa toka Israel na Iran walivyopigana Juni 2025 kila nikifungua simu ni vita tu, mara mlango wa bahari wa Hormuz unakopita mafuta utafungwa, mara China na Taiwan, mara Urusi na Ulaya. Binamu yetu wa Malindi hatupi raha, asema tuuze hisa zote tununue dhahabu na dola, au shamba, kwani vita vikishika kweli hisa zitabaki karatasi. Kaka yangu naye hataki kiguswe kitu. Pesa yenyewe ndani yake kuna ada ya watoto ya Januari na kuna ya kutengeneza dari la gesti. Naomba mwenye kujua anieleze, vita vya huko vinaifikiaje hisa ya Nairobi, na mtu akisikia tetesi afanye nini?

Broka_wa_Zamani:
Waaleikum salaam dada. Kazi ya hisa nimeifanya miaka mingi Mombasa kabla sijahamia Malindi, kwa hivyo nitakwambia nilivyoona. Soko haliji kuogopa siku vita vinapoanza, linaogopa mapema, wakati ni maneno na vitisho. Angalia Kuwait. Saddam aliingia tarehe 2 Agosti 1990, mafuta yakatoka chini ya dola 20 kwa pipa yakapita 40 kufika Oktoba, na hisa za Marekani zikateremka mpaka Oktoba hiyo, vita vyenyewe bado vinangojewa. Halafu Januari 17, 1991, mabomu yameanza kweli, watu wanatarajia balaa, mafuta yakaporomoka kama theluthi kwa siku moja na hisa zikapanda! Tena 2022, siku Urusi inaingia Ukraine Februari 24, New York ilifungua ikianguka vibaya na jioni ikafunga juu kwa asilimia 1.5. Aliyeuza asubuhi kwa hofu alimuuzia mtu aliyetulia.

Sasa usinielewe vibaya, sisemi vita havina athari. Vinayo, ila mara nyingi inakuja kwa mlango mwengine, na inachelewa. Ile ya Ukraine ilipandisha mafuta, pipa la Brent likagusa dola 139 Machi, ngano nayo ikapanda, bei za vitu zikapanda dunia nzima, na benki kuu ya Marekani ikaanza kupandisha riba kutoka karibu sifuri mpaka asilimia 5.25 hadi 5.50 kufika Julai 2023. Hapo ndipo sisi tuliumia. Mzungu mwenye hisa za Safaricom akiona serikali yake mwenyewe inamlipa 5 bila wasiwasi, atakaa Nairobi afanye nini? Anauza, anataka dola aondoke, na dola zenyewe hazipatikani. Wawekezaji wa nje kwa miaka mingi walikuwa ndio nusu ya biashara ya NSE, soko la hisa la Nairobi, au zaidi, na wao hukamata hisa zile zile kubwa, Safaricom, mabenki, EABL ya bia. Wakitoka wote mlango mmoja bei lazima ianguke hata kama kampuni inapata faida.

Bint_Shela:
Shukran sana kaka, hii ndio sijawahi kuelezwa. Lakini basi binamu yangu ana haki kidogo, kwa sababu Safaricom si ilitoka shilingi 40 na kitu ikaenda 12?

Broka_wa_Zamani:
Ilienda, kweli. 2021 ilikuwa inakaribia 45 na mwisho wa 2023 ikawa kwenye 12, 13. Na usisahau vita vya jirani, hivi watu hawavitaji. Safaricom ilichukua leseni ya Ethiopia Mei 2021 wakati Tigray inawaka moto, mapatano yakaja Novemba 2022, gharama za kujenga mtandao kule zikala faida, halafu 2024 birr, pesa ya Ethiopia, ikaachiwa ikashuka thamani. Kwa mwenye hisa ile, Addis Ababa ilikuwa na uzito kuliko Kyiv. Mwaka 2025 ikarudi juu ya 25. Sasa jiulize, aliyeuza kwa 13 akanunua dola kwa 160 Januari 2024, kapata nini? Mwezi uliofuata serikali ilipata Eurobondi mpya, yaani mkopo wa masoko ya nje, ya dola bilioni 1.5 ya kulipa ile ya 2014, shilingi ikanyanyuka, kufika Machi na Aprili dola iko 130. Alipoteza huku na huku. Watu wengi wa pwani walinunua dola wakati ule, nilikuwa nawaona wamepanga foleni kwa maduka ya kubadilisha pesa.

Mama_Maandazi_Mkomani:
Mwanangu mimi sijui hisa lakini vita navijua kupitia unga na petroli. Hapa kwetu kila kitu kinavuka kwa boti kwa hivyo mafuta yakipanda, yanapanda maji, yanapanda mpaka kitunguu. Na jambo nililoliona ni kwamba bei inatufikia wakati vita vishapoa. Hiyo ya Iran ilianza Juni 13, ikasimama 24, mafuta ya dunia yakashuka siku zile zile, na sisi EPRA, wale wa serikali wanaopanga bei ya mafuta, walipotangaza Julai 14 petroli Nairobi ikaongezeka karibu shilingi 9 ikawa 186.31, kwa sababu wao wanapiga hesabu na shehena zilizoingia mwezi uliopita. Sasa fikiria mtu anaona bei inapanda kituoni Julai anasema vita vinakuja, anakimbia kuuza hisa zake, na vita vyenyewe vimekwisha kitambo! Wewe mwenye gesti na boti ya wageni, pesa ya mafuta ya mwezi mmoja na ya unga na mchele uwe nayo mkononi kabla hujafikiria hisa wala dhahabu, hiyo ndiyo itakuokoa usilazimike kuuza kitu siku mbaya.

Nahodha_Matondoni:
Naunga mkono mama. Niongeze kwa hilo la shamba maana limenichoma. Watu huona ardhi ni salama vita vikija, lakini sisi wa Lamu tumeyaona. 2011 watalii walitekwa Kiwayu Septemba na Manda Oktoba, Uingereza na wenzao wakatoa maonyo ya safari, hoteli zikafungwa, vijana wa boti tukakaa bure. 2014 likaja shambulio la Mpeketoni, huku huku Lamu, tukawekewa kafyu. Wakati ule nyumba yako unayo, hati unayo, mnunuzi hakuna. Hisa angalau unauza leo pesa unapata baada ya siku tatu, ata kama ni kwa hasara. Na hata hati yenyewe, si 2014 hiyo hiyo rais alifuta hati za ekari laki tano huku Lamu zilizokuwa za makampuni 22? Dada, wewe tayari mali yako kubwa ni gesti, na gesti inategemea mgeni asiogope kuja. Ukichukua akiba yako yote ukaiweka tena kwa ardhi ya Lamu au ya Malindi, siku hofu ikija vyote vinalala pamoja. Hilo ndilo ningemwambia binamu yako, na simjui lakini namwambia kwa heshima.

Afadhali hizo hisa zikae Nairobi, mbali na bahari yetu.

Kijana_wa_Watamu:
kwa upande wa dhahabu mimi niko na maoni tofauti kidogo na wakubwa, dhahabu si mbaya, shida ni wakati wa kununua. machi 2022 watu walikimbilia ikapita dola 2,050 kwa aunsi, septemba ile ile ikawa chini ya 1,650, kwa sababu riba ilipanda na dhahabu hailipi kitu. aliyenunua kwa mshtuko alikaa na hasara zaidi ya mwaka. lakini baadaye ikapanda na machi 2025 ikavuka 3,000, na sababu yake pia ni vita ila ni ya polepole, nchi za magharibi zilifungia akiba ya urusi kama dola bilioni 300 na mabenki kuu ya nchi nyingine yakaona kumbe dola zetu zaweza kufungiwa, yakaanza kununua dhahabu zaidi ya tani 1,000 kwa mwaka, 2022, 2023, 2024. hiyo haikuwa tetesi ya wiki moja. kwa hivyo ukitaka weka kidogo kidogo kila mwezi na usinunue kwa sonara kama akiba maana unalipa ufundi na ukiuza hurudishiwi. NSE kuna NewGold, mfuko wa dhahabu, inauzwa kama hisa kwa shilingi, iko toka 2017, ila wanaonunua ni wachache kwa hivyo weka bei yako usinunue kwa bei yoyote

Broka_wa_Zamani:
Kijana kasema vizuri. Dada kwa pesa yako nitasema wazi. Ada ya Januari na pesa ya dari, hizo zisiwe ndani ya hisa kamwe, vita viwepo visiwepo, ziweke mani maketi unazitoa ndani ya siku mbili tatu. Yuro zako unazo tayari, hizo ndizo kinga yako ya shilingi ikiyumba, dola za nini tena? Hisa zinazobaki ziwe za pesa ambayo huihitaji kwa miaka mitano, na hizo ndizo waache wapigane huko nazo zikae.

Bint_Shela:
Allah awalipe kheri nyote. Nimemsomea kaka yangu yote haya. Mani maketi tuliyo nayo haitoshi ada na dari pamoja, itabidi tuuze KCB kiasi wiki hii bei ikiwa bado nzuri, Safaricom tunaiacha. Swali langu la mwisho, kaka yangu ana wasiwasi na riba, hiyo mani maketi yenyewe kuna ya kufuata sharia?

Mama_Maandazi_Mkomani:
Zipo mwanangu, jirani yangu yuko kwa mojawapo. Muulize meneja wa benki yenu ya Kiislamu akuonyeshe orodha ya mahali pesa inapowekezwa, na jina la sheikh anayeikagua, usikubali maneno matupu.

Nahodha_Matondoni:
Na hiyo dari usingoje Desemba, boriti zishaanza kuwa adimu. Nitafute jetini nikupeleke kwa fundi.