Uliyeacha nyama na unayekula "chakula cha mababu": mwili wako umekujibu nini? Tupeane uzoefu

Kibarazani_Tabata (mwanzisha uzi):
Wakuu, habari za jioni. Jumamosi nilikuwa msibani hapa Tabata. Pilau imeletwa, shemeji yangu akaanza kuchambua nyama na kuzisukuma pembeni ya sinia, eti kaona kwenye video kuwa binadamu hakuumbiwa nyama. Mzee mmoja akamrukia: babu yake alikula nyama na maziwa mpaka anazikwa, hajui hospitali ina rangi gani. Walibishana mpaka pilau ikapoa. Nikagundua hakuna hata mmoja aliyesema mwili wake mwenyewe umefanyaje. Mmoja alimtetea mtu wa video, mwingine alimtetea marehemu.

Sheria ya uzi ni moja: sema ulikula nini, muda gani, ikawaje.

Naanza. Miezi 7 bila nyama, samaki, mayai wala maziwa (na kwetu hata nyama ni mboga, kwa hiyo nyumbani walinielewa kwa shida). Miezi mitatu ya kwanza nilikuwa mwaminifu: choroko, mbaazi za nazi, kisamvu, tembele. Kilo 6 zikaondoka, choo kikawa hakina ubishi. Halafu uvivu ukaingia. Asubuhi chapati mbili na chai ya rangi yenye sukari, mchana chipsi kavu, jioni maandazi na soda. Vyote hivyo havina nyama! Kilo zikarudi na nyongeza. Siwezi kumsingizia mchicha, maana kufikia hapo mchicha nilikuwa nauona kwa jirani.

Bibi_Mbagala:
Mwanangu, mimi nina sukari, dawa yake ya metformin natumia mwaka wa sita huu. Niliacha vyote vya mnyama miaka miwili kwa ushauri wa kikundi chetu. Sukari ilitulia kweli, sitasema uongo. Lakini miguu ikaanza ganzi. Siku moja nimetoka uani kwenda kuanua nguo, narudi mlangoni mjukuu ananiuliza, "Bibi, kandambili nyingine iko wapi?" Natazama chini, mguu mmoja pekupeku. Nilitembea juu ya kokoto nisijue.

Nilijua ni sukari tu imenila mishipa. Daktari akaniuliza nakula nini, akaagiza kipimo cha vitamini B12. Ilikuwa chini sana. Alinieleza kwamba B12 hutengenezwa na vijidudu, sisi tunaipata kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa, na majani si ya kuyategemea kwa hilo. Ini huweka akiba ya miaka, ndiyo maana mtu anaacha leo na anaumbuka baadaye. Na metformin nayo ikitumika muda mrefu huipunguza. Kwa hiyo mimi nilikuwa nachota kisima kwa ndoo mbili. Nilichomwa sindano, sasa namumunya vidonge, na dagaa nimewarudisha. Ganzi imepungua, haijaisha. Majani bado nayala, ila yule kiongozi wa kikundi hakutuambia habari ya vidonge hata siku moja.

Supu_Saa12:
Mimi ni upande wa pili. Miezi minne nyama, mayai, samli, supu ya makongoro kila asubuhi. Ugali hapana, tunda hapana. Kitambi kilipotea, sukari yangu iliyokuwa mpakani ikashuka. Nikawa nawahubiria watu kwenye daladala.

Usiku mmoja kidole gumba cha mguu kikawaka moto. Shuka likikigusa nakaribia kulia, na feni nimeizima kwa sababu upepo wake unauma. Jongo. Asidi ya mkojo ilikuwa juu, na lehemu mbaya (kolesteroli) imepanda kuliko mwaka uliopita. Sasa niko katikati: nyama mara mbili kwa wiki, ugali wa mtama, mlenda. Wanaosema kuacha wanga kulinisaidia sukari wako sahihi. Wanaosema nilizidisha nao wako sahihi.

Mlinzi_wa_Geti:
Kila ubishi wa nyama ukianza, mnatutaja sana sisi Wamasai. Kwetu nyama haikuwa ya kila siku, maziwa ndiyo chakula, na supu tunaitia magome ya mti wa okiloriti. Tena tunatembea. Miaka ya 60 mtafiti wa Marekani, George Mann, alitupima huku Tanganyika akakuta lehemu iko chini. Mwaka 1972 akaandika habari ya maiti 50 za wanaume wa kwetu: mafuta kwenye mishipa yalikuwepo, ila mishipa yenyewe ilikuwa mipana. Watu wa video za kuhubiri nyama wanaishia sentensi ya kwanza. Mimi hapa Mikocheni nakaa kwenye kiti saa 12. Nikila kama baba yangu bila kutembea kama baba yangu, hiyo ni hesabu gani?

Punje_ya_Ulezi:
Naomba kuuliza, mababu wa nani? Mahindi, muhogo, maharage, karanga, viazi vitamu, nyanya, vyote asili yake ni Amerika. Ugali mweupe mnaoulilia ni mgeni aliyezoeleka. Vya kwetu hasa ni mtama, ulezi, uwele, kunde. Na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao kila mtu anawasingizia, wanakula mizizi, ubuyu, matunda, asali na nyama, kutegemea msimu umeleta nini. Ubuyu wenyewe, siyo huu wetu mwekundu wa sukari unaotia rangi ulimi.

Nusu_Kilo:
Mimi nimeachishwa nyama na bei ya bucha. Uzoefu wangu ni huo.

Upanga_Ghorofa_ya_3:
Kwetu hatujala nyama vizazi na vizazi, ni dini. Maziwa na mtindi tunatumia, kwa hiyo hiyo B12 haijatusumbua. Lakini baba alipata ugonjwa wa moyo na sukari akiwa na miaka 58. Samli, puri, na vitamutamu kila sikukuu, na sikukuu zetu ni nyingi.

Mama_Wawili:
Mdogo wangu alikuwa na damu pungufu, na kwetu ni maharage na mchicha tu. Nesi hakutuambia tununue nyama. Alisema tuache chai wakati wa kula, inazuia madini ya chuma, tukamulie limau kwenye mboga. Pamoja na vidonge vya kliniki, damu ilipanda.

Kibarazani_Tabata:
Asanteni wakuu. Nimemtumia shemeji huu uzi. Amesoma kimya, hakujibu chochote cha babu wala mababu. Ameuliza tu hicho kipimo cha B12 wanafanya kwa shilingi ngapi, maana vidole vinamfa ganzi tangu Ramadhani na alikuwa anasingizia simu. Bibi, uje utusaidie bei.