Mjadala: QSO (mawasiliano kamili ya redio) ya FT8 ihesabiwe sawa na ya sauti na Morse kwenye DXCC?

AntenaNdefu (mtoa mada)

Wakuu habari za hewani. Hii mada inazunguka kila mahali walipo ma-ham (waendesha redio wa hobi), watu wanarushiana maneno mawili matatu halafu inaachwa njiani, leo tuimalize au basi angalau tugombane vizuri. Swali ni hili: mtu aliyefikisha nchi 100 kwa FT8 akiwa anabonyeza mausi tu, anastahili cheti kilekile cha DXCC Mixed (kile cha modi zote pamoja) na yule aliyekesha na hedifoni akichomoa Morse kwenye kelele?

Kwa wasiojua, haraka haraka. DXCC ni tuzo ya ARRL, chama cha ma-ham wa Marekani, ipo tangu 1937, unatakiwa uwe umewasiliana na nchi au maeneo 100 (wenyewe wanaita entiti, maana kisiwa kisicho na mtu nacho kinahesabika) na kila moja iwe imethibitishwa. Orodha nzima ni 340. Kuthibitisha ni kwa kadi ya QSL ya karatasi au mechi kwenye LoTW, ule mfumo wao wa onlaini ulioanza 2003. FT8 ni modi (njia ya kutuma) ya kidijitali iliyotoka 2017, kazi ya Steve Franke K9AN na Joe Taylor K1JT, huyo Taylor ndo yule wa Nobel ya fizikia 1993. Mnapokezana zamu za sekunde 15, programu inatuma kolsaini (jina la kituo), grid (mraba wa ramani ulipo), ripoti ya usikivu, RR73 (nimepokea, kwaheri), imeisha.

Msimamo wangu nautoa mapema: zihesabiwe sawa. Na sababu yangu wala sio huruma kwa wenye antena fupi. Tujiulize QSO ya DX (ya mbali) ni nini hasa. Ni mimi kupata kolsaini yako bila kubahatisha, wewe kupata yangu, tupeane ripoti ambayo hakuna aliyekuwa anaijua kabla, na kila mmoja ajue mwenzake amepokea. Basi. Sasa nendeni msikilize msongamano wowote wa SSB (modi ya sauti) msafara wa DX ukiwa hewani, kila mtu ni 59 (yaani anasikika vizuri kabisa), anayesikika kwa tabu 59, aliyerudiwa mara nne kolsaini yake 59, yaani ripoti ya sauti ilishakufa zamani tunaizungusha tu kama jeneza. Kwenye FT8 ukipewa desibeli -17 ni kwamba imepimwa -17, hukuijua kabla, umeipokea au hukuipokea. Kwa kipimo hicho QSO ya FT8 imekamilika kuliko ya sauti, na sioni nani atanibishia hapo.

MkonoWaMorse

Nakubishia mimi. 59 ni aibu yetu hiyo nakubali, ila umechagua kipimo kinachokufaa ukaacha kingine chote. Tuzo haikuwekwa kupima kama biti zimefika, ingekuwa hivyo tungezipa tuzo simu zetu. Iliwekwa kumpima mtu. Kujua propagesheni (mawimbi yanavyosafiri), kujua bendi ya 20m inafunga saa ngapi na 40m inafunguka wapi jua likiwa linazama, kumsikiliza yule wa kisiwani amejibu wa mwisho wapi kwenye spliti (anatuma frikwensi moja, anasikiliza nyingine) ili uite palepale anapoelekea kusikiliza, kukaa kimya wakati mwingine anaitwa. Hayo ndo yanachukua miaka kujifunza. FT8 unafungua frikwensi yake ya 14.074 unaona orodha kwenye skrini imepakwa rangi nchi gani hujaipata, unabonyeza mara mbili, unaenda kunawa unarudi umeshathibitishwa.

Halafu jambo moja watu hawalisemi. Ile programu ina kitu kinaitwa AP, ukishakuwa kwenye QSO na mtu inachukulia kwamba kolsaini mbili zinajulikana tayari, inatafuta kile kidogo kilichobaki. Ndo maana kuna mistari inatokea na alama ya a pembeni na mingine na kiulizo kabisa. Sasa hiyo uliyoita "kupata kolsaini bila kubahatisha" iko wapi hapo mkuu? Mashine imejaziwa jibu nusu.

Na hii habari ya "inasikia desibeli 20 chini ya kelele" nayo ifafanuliwe, wanapima kelele ya upana wa hertz 2500 wakati mawimbi yenyewe yana upana wa hertz 50 tu. Ukipima kelele ya hizo 50 peke yake unakuta ni kama desibeli 3 tu chini. Ni uhandisi mzuri sikatai, ila sio uchawi.

KituoKidogo

Mimi naongea kama mgeni kwenye haya mambo. Naishi ghorofani, antena ni waya umepita dirishani, kelele ya S7 (nzito kwenye mita ya redio) kutwa nzima kutoka kwenye chaja na taa za majirani. Kwa SSB naita mpaka koo linakauka hakuna anayenisikia. FT8 ndo imenifanya nisiuze redio. Mnaposema isihesabiwe mnaongea na watu wenye uwanja na minara, sisi wengine mnataka tuwe wasikilizaji maisha yote?

Nina swali pia nje ya mada samahanini. Nina QSO nyingi LoTW haijazipa mechi, wenzangu wanasema walishapandisha logi (orodha za QSO) zao, tatizo linaweza kuwa nini?

AntenaNdefu

KituoKidogo angalia logi yako imeandikwa saa za UTC (za kimataifa) au saa za kwenu. LoTW inataka kolsaini, bendi na modi vikubaliane na saa zisipishane zaidi ya dakika 30, kwa hiyo ukiandika saa za nyumbani logi nzima inaenda kapa. Asiyetumia LoTW muombe kadi, wengi wana OQRS (fomu ya kuomba kadi) kwenye tovuti ya Club Log.

Mzee wa Morse hoja ya AP ni nzuri na nimeshaifikiria. Ila hebu niambie, wewe ukiwa kwenye kelele unasikia vipi kolsaini yako mwenyewe? Unaisikia kabla hujasikia kitu kingine chochote, hata ikikatika herufi mbili katikati unajua ni wewe unaitwa. Sikio lako nalo limejaziwa jibu nusu. Na pia kabla hujaita ulishaona klasta (orodha ya onlaini ya walio hewani), unajua kisiwa gani kiko hewani, frikwensi gani, kolsaini yake ipi, hukuwa na haja ya kudikodi chochote isipokuwa "599 TU" (ripoti na asante). Tofauti ni kwamba programu inaweka alama pale ilipokisia, na sisi tunaandika kwenye logi kimyakimya.

Hii ya kwenda kunawa iko kwenye sheria tayari. DXCC wanataka QSO ianzishwe na mwendeshaji mwenyewe, pande zote mbili, wakati uleule. Anayeacha roboti ikiita usiku kucha akiwa amelala amevunja sheria, modi haina kosa.

Rimoti_Hapana

Mnagombania modi wakati moto uko kwingine. Kuna watu wanakodi stesheni kwa intaneti, minara mirefu, bim (antena za kuelekeza) za bendi zote, linia (kikuza nguvu) ya nguvu ya mwisho inayoruhusiwa, wao wamekaa sebuleni na laptopu. Kisheria ni halali ilimradi vifaa vya kutuma na kupokea viwe ndani ya duara la kipenyo cha mita 500 na QSO inahesabiwa pale mtambo ulipo. Huwezi kutuma kwako ukapokelea kwa risiva ya onlaini bara lingine, hiyo hapana. Ila nani anakagua? LoTW inakagua saini ya kidijitali ya kolsaini, haioni ni nani kakaa kwenye kiti wala antena iko wapi. Mimi nampa heshima mtu wa FT8 na waya wake wa dirishani kuliko mtu wa Morse safi kwa mnara wa kukodi.

Na mkumbuke LoTW ilizimika kuanzia Mei 2024 mpaka tarehe 1 Julai baada ya ARRL kuvamiwa mtandaoni. Watu walikaa hawana pa kuthibitisha, wenye kadi zao sandukuni tukawa tunacheka tu.

MkonoWaMorse

Kadi nazo ziligushiwa kabla wengi wetu hatujazaliwa, usizifanye malaika. Na wezi wa kolsaini wapo kwenye modi zote, unafurahi umempata mtu wa nchi adimu, unatuma bahasha na dola ndani, unajibiwa hukuwepo kwenye logi.

KituoKidogo sijasema uuze redio ndugu yangu. Ila jaribu Morse na huo huo waya, wati 100 za Morse zinafika pale SSB inapokufa, na wala huhitaji kompyuta. Kinachoniuma mimi ni bendi. Washa bendi ya 6m ikiwa imefunguka, watu wote wamejibana 50.313 ya FT8, chini huko kwenye Morse unasikia upepo tu. Ukiita CQ (wito kwa yeyote) unaonekana kichaa.

AntenaNdefu

6m umechagua mfano mbaya mkuu. Zamani bendi ilikuwa inafunguka na kufunga bila mtu kujua kwa sababu kila mtu alikuwa anasikiliza na hakuna anayeita. Sasa kwa vile watu wanarusha FT8 muda wote, mlango ukifunguka hata dakika tano unaonekana. Ukiuona nenda kwenye Morse uite, hakuna aliyekukataza. Kwamba watu hawakufuati huko ni suala la watu, ARRL haiwezi kukutungia sheria ya kukupa marafiki.

Tuangalie kisiwa cha Bouvet pia. Wale wa 2018 hawakushuka kabisa, meli ikawarudisha, halafu 2023 wakafika wa kolsaini 3Y0J, wakavusha vifaa kwa mateso makubwa, antena chache na nguvu ndogo kuliko walizopanga, wakatoka na QSO kama 19,000. FT8 ilikuwepo kati ya modi walizotumia. Kuna watu wenye stesheni za kawaida wana Bouvet leo kwa sababu hiyo, na huenda wasingepata nafasi nyingine maisha yao yote. Uwaambie hiyo ni nusu QSO?

MkonoWaMorse

Siwaambii nusu. Nawaambia iandikwe ni ya nini. Phone (sauti) ina cheti chake, CW (Morse) ina chake, hayo sawa, ila cheti cha Digital kimechanganya RTTY (teletaipu ya redio) na FT8 kwenye kapu moja. Waliopiga RTTY miaka hiyo kwa mashine za chuma leo wako mstari mmoja na mtu wa miezi sita. Na DXCC Challenge ndo kabisa, inahesabu entiti kwa kila bendi bila kuuliza modi. Mimi nasema waigawe Digital, RTTY peke yake, na kwenye Mixed na Challenge waweke pembeni ya jina asilimia ngapi ni modi gani. LoTW inajua tayari, ni kuonyesha tu.

Rimoti_Hapana

Na asilimia ngapi rimoti je? Hapo mtakimbia wote.

AntenaNdefu

Kugawa Digital nakuunga mkono, andika hilo pendekezo na mimi nitaweka kolsaini yangu chini ya yako. Asilimia kwenye Mixed sitaki. Ukianza na modi kesho atakuja mtu atake urefu wa mnara, keshokutwa wati, huyu wa rimoti ndo huyo ameshaanza.

KituoKidogo

Ilikuwa UTC kweli, nimepandisha upya zimeingia mechi kibao. Mzee wa Morse, hiyo frikwensi ya wanaoanza Morse polepole kwenye 40m ni ipi?