Mizaha kuhusu ugunduzi wa anga: je, inawafundisha wanafunzi au inawapotosha?

Mlezi wa Klabu ya Sayansi:
Habari za leo, wanajukwaa. Ninalea klabu ya sayansi katika shule ya sekondari, na wiki hii wanafunzi wangu walikuwa wakitumiana kwenye simu picha ya duara jekundu lenye madoadoa meupe katikati ya weusi mtupu, ikielezwa kuwa ni nyota ya Proxima Centauri iliyopigwa na darubini ya anga za juu ya James Webb. Picha hiyo iliwekwa mtandaoni tarehe 31 Julai 2022 na Étienne Klein, mwanafizikia wa Ufaransa, ambaye siku chache baadaye alieleza kuwa ni kipande cha chorizo, yaani soseji ya Kihispania, akaomba radhi, na kusema alitaka watu wajihadhari na picha zinazoaminiwa kwa sababu tu ya cheo cha anayezitoa. Wanafunzi wangu waliipata picha bila maelezo hayo. Naomba ushauri: mizaha ya namna hii niikaribishe klabuni, au niikataze?

Mtazama Kilimia:
Mwalimu, salaam. Usiikataze, kwa sababu picha ile ina kasoro ambayo mwanafunzi anaweza kuigundua mwenyewe kwa kalamu na karatasi. Kipenyo cha Proxima Centauri ni takriban kilomita 214,000, nayo iko mbali nasi kwa miaka 4.2 ya nuru, yaani kama kilomita trilioni 40. Wakigawanya, watapata kwamba upana wake angani ni takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde ya tao (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi moja), ilhali darubini ya Webb, pamoja na kioo chake cha mita 6.5, inahitaji kitu kiwe kipana mara makumi kadhaa zaidi ya hapo ndipo ionyeshe umbo lake. Kwa hiyo nyota hiyo haiwezi kuonekana kama duara lenye madoa. Tena, nyota angavu katika picha za Webb huonekana kama nukta yenye miale sita mikubwa, inayotokana na vioo 18 vya pembe sita vilivyounganishwa. Waonyeshe picha halisi kando ya ile ya soseji, kisha uwaachie wao waseme.

Msomaji wa Fizikia:
Naongeza kwamba wanaastronomia wenyewe hutaniana kazini, na utani wao haujawazuia kuchunguza. Mwaka 1967 Jocelyn Bell, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu Cambridge, aliona kwenye karatasi ndefu za kinasa mawimbi alama ndogo asiyoielewa, ambayo ilipopimwa vizuri ikawa ni midundo inayokuja kila baada ya sekunde 1.337. Usahihi huo ulishangaza kiasi kwamba chanzo chake kikapewa jina la LGM-1, kifupi cha maneno ya Kiingereza "Little Green Men", yaani "vijitu vya kijani", viumbe wa kubuniwa kutoka sayari nyingine. Jina lilikuwa la mzaha, lakini swali lililobebwa na jina hilo lilipaswa kujibiwa, na Bell alianza kulijibu kabla ya mwaka kwisha, alipopata chanzo cha pili katika sehemu nyingine kabisa ya anga. Ilikuwa vigumu kuamini kwamba viumbe wa pande mbili walikuwa wakitutumia ishara za aina moja. Leo tunajua kuwa zile ni nyota za nyutroni, yaani mabaki mazito sana ya nyota zilizolipuka, zinazozunguka kwa kasi.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha darubini ya redio ya Parkes, Australia, iliyokuwa ikinasa mawimbi yanayofanana na milipuko ya redio itokayo mbali sana angani. Mwaka 2015 mwanaastronomia Emily Petroff na wenzake walithibitisha kuwa mawimbi hayo yalitoka kwenye maikrowevu za kituoni, pale mtu alipofungua mlango kabla ya muda kwisha. Wengi hucheka na kuishia hapo. Mimi naona uzuri wake uko mbele zaidi, kwa kuwa uchunguzi uleule uliwawezesha kuonyesha jinsi milipuko ya kweli inavyotofautiana na ile ya jikoni.

Bibi Maktaba:
Nakubaliana na wenzangu, ila kwa sharti moja. Tarehe 1 Aprili 1976, siku ya wajinga, Patrick Moore, mwanaastronomia maarufu wa Uingereza, aliwatangazia wasikilizaji wa redio ya BBC kwamba saa 3:47 asubuhi Pluto ingepita nyuma ya sayari ya Mshtarii (Jupita), uvutano wa dunia ungepungua kidogo, na atakayeruka wakati huo angehisi anaelea. Watu wengi walipiga simu wakisema wamehisi hivyo! Mvuto wa Mshtarii, hata ikiwa karibu kabisa nasi, ni kama sehemu moja ya milioni 30 ya uvutano wa dunia, lakini aliyezungumza aliaminika, na hilo lilitosha. Mwalimu naye anaaminika. Mzaha anaouanzisha mwalimu ufichuliwe ndani ya kipindi kilekile, mbele ya wote, kwa sababu mwanafunzi akienda nao nyumbani atawasimulia wadogo zake kama habari ya kweli.

Mlezi wa Klabu ya Sayansi:
Nawashukuru sana. Ijumaa nitaanza na hesabu ya Proxima Centauri bila kuwaambia picha ni ya nini, na chorizo itatajwa kabla ya kengele. Baadaye nitawaonyesha picha ya galaksi ya Cartwheel, ambayo Klein mwenyewe aliiweka baada ya kuomba radhi, na ambayo Webb iliipiga kweli.